Goli Lina Kipa Mmoja

Kuna swali moja ambalo watu wa Tanga hulijibu haraka mno, kabla hata kahawa haijapoa. Timu iliyobomoka, inayoanza kujengwa upya, imfuate mchezaji mkongwe au iwaachie vijana wake? Uliza kijiwe chochote cha Ngamiani utajibiwa kwa methali. Upande huu watakwambia ng'ombe hazeeki maini. Upande wa pili watakwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Kisha kila mmoja atanyanyua kikombe chake akiamini kashinda. Methali, ndugu msomaji, ni nzuri sana kwa kufungia mazungumzo, lakini haijapata kudaka penalti hata moja.

Mimi swali hili nalichukulia kwa uzito, na sababu ninazo mbili. Ya kwanza ni kwamba mimi ni mtoto wa Tanga, na timu ya Tanga maisha yake yote ni kujengwa upya. Ya pili inahusu watu wa nyumbani kwetu, nitaifikia.

Coastal Union, Wagosi wa Kaya, ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Sisi tuliozaliwa baadaye tumeusikia ubingwa ule kama tunavyosikia habari za mkonge ulipokuwa dhahabu: jambo la kweli, lakini la watu wengine. Tulichokiona kwa macho yetu ni msimu wa 2015/16. Timu 3 zilishuka kutoka Ligi Kuu msimu ule: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Zote 3 za Tanga. Mkoa mzima ukafungiwa mlango msimu mmoja, kama duka lililokosa leseni.

Coastal ikarudi Ligi Kuu mwaka 2018 chini ya Juma Mgunda, mwana wa nyumbani aliyewahi kuichezea jezi ileile. Vijana wakachipua, na walipochipua tu wakachumwa. Mwaka 2020 Bakari Mwamnyeto akaenda Yanga, Ibrahim Ame akaenda Simba, Ayoub Lyanga akaenda Azam, wote katika usajili wa mwaka mmoja. Tukajenga tena. Mwaka 2022 tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, na Abdul Suleiman "Sopu" akawafunga Yanga mabao 3 peke yake. Dakika zikaisha 3-3, tukafa kwa penalti. Kabla machozi hayajakauka, Sopu naye yuko Azam.

Sisemi wasiende. Mchezaji ana tumbo kama mimi na wewe, tena miguu yake ina tarehe ya mwisho. Nasema tu kwamba sisi tumekuwa kitalu, na mwenye kitalu huuza miche, maembe wanakula wengine. Ndiyo maana kila dirisha la usajili likifunguliwa, swali la mkongwe linarudi. Vijana wameondoka, nafasi zipo wazi, fedha haba, na kuna mtu mwenye jina amekaa bila timu. Tumchukue?

Kwanza tutenganishe jina na kazi. Mwaka ule ule wa kurudi, 2018, Coastal ilimsajili Alikiba. Ndiyo, huyu huyu wa muziki. Mpira anaupenda na mguu anao, hilo simnyimi. Jezi zikazungumzwa, magazeti yakaandika, hata wasiojua Mkwakwani iko wapi wakaijua. Lakini tuliendelea kumsikia redioni zaidi ya tulivyomwona uwanjani. Kama shabaha ilikuwa kutangaza timu, timu ilitangazwa. Kama shabaha ilikuwa pointi, basi pointi hazifuati spika. Nakuja na mfano huu kwa sababu wakongwe wengi husajiliwa kwa hesabu hiyohiyo: si kwa kile watakachofanya Jumamosi, bali kwa kile watu watakachokumbuka wakiwaona.

Sasa mtazame Ley Matampi. Huyu ni Mkongo, kipa, kazaliwa mwaka 1989. Alikuwa golini Kongo ilipochukua ubingwa wa CHAN kule Rwanda mwaka 2016, na mwaka uliofuata akasimama katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Gabon. Alipovaa jezi ya Coastal kwa msimu wa 2023/24 alikuwa na miaka 34. Kijiweni waliguna. "Huyu kaja kustaafia baharini," wakasema, "upepo wa Raskazone umemvuta." Msimu ulipoisha, Matampi ndiye aliyekuwa kipa bora wa Ligi Kuu, kwa mechi 15 bila nyavu zake kutikiswa, mbele ya Djigui Diarra wa Yanga. Na Coastal ilimaliza ya 4, nyuma ya Yanga, Azam na Simba, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Wazee wana neno lao: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka ule tulipona.

Lakini tusipumbazwe. Agosti 2024 tukaenda Angola kucheza na Bravos do Maquis tukafungwa 3-0, marudiano tukatoka 0-0, safari ikaishia hapo. Ukuta mzuri si nyumba. Mtu mmoja mwenye uzoefu anaweza kuzuia timu isianguke, ila hawezi kuwa timu.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Wakubwa wetu wanalijua kwa jina la Roger Milla. Mwaka 1990, akiwa na miaka 38, alikuwa ameshajitupa kisiwani Réunion anacheza mpira wa kupunga upepo, akarudishwa timu ya taifa ya Kamerun. Kule Italia akafunga mabao 4 akitokea benchi, Kamerun ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Wote tunaikumbuka ile ngoma yake kwenye kibendera cha kona, hata tuliokuwa hatujazaliwa. Lakini mwaka 1994 wakamchukua tena, ana miaka 42. Akafunga tena! Mfungaji mzee kuliko wote katika historia ya Kombe la Dunia. Na mechi ile Kamerun ilifungwa na Urusi 6-1.

Mtu ni yuleyule na ngoma ni ileile. Mara ya kwanza mzee aliongezwa kwenye timu iliyokwishasimama, akaingia akitokea benchi kumalizia kazi. Mara ya pili timu ilikuwa inaporomoka, na bao lake likawa ua juu ya kaburi. Kwa hiyo ukiniuliza mkongwe anafaa ama hafai, nami nitakuuliza: anaingia wapi, na anakuta nini?

Upo na utofauti wa namba. Winga wa miaka 35 ni huzuni, kasi ikiondoka haiagi. Kipa ni habari nyingine. Dino Zoff alinyanyua Kombe la Dunia mwaka 1982 akiwa na miaka 40, nahodha wa Italia. Essam El-Hadary wa Misri alidaka penalti katika Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45. Na hapa kwetu yupo Juma Kaseja. Mwaka 2003 ndiye aliyekuwa golini Simba ilipowatoa Zamalek kwa penalti kulekule Cairo, wakiwa mabingwa wa Afrika. Miaka 16 baadaye yuko KMC, timu iliyokuwa imepanda Ligi Kuu mwaka mmoja tu nyuma, watu wameshamsahau, akaitwa tena Taifa Stars. Agosti 2019 penalti na Kenya, Nairobi. Septemba penalti na Burundi, Dar. Zote mbili Stars ikapita. Kipa hakimbii sana, kazi yake kubwa ni kuona, na macho ya mpira hukomaa wakati magoti yanachakaa.

Naam, lakini hapo ndipo penye mwiba. Mabeki ni wanne, viungo watatu wanne, mzee mmoja akiingia kijana hakosi pa kujibanza. Goli lina kipa mmoja. Sisi tunaoandika tumebahatika kwa hili. Shaaban Robert, naye mtoto wa Tanga, hajamzuia kijana yeyote kuandika. Gazeti likikukataa daftari lako lipo, na kurasa haziishi. Kipa wa pili hana kurasa. Kila mechi anayodaka mzee ni mechi ambayo kijana hakudaka, na kujua kudaka hakupatikani kwa kukaa benchi ukitafuna muwa.

Hapa nifikie ile sababu yangu ya pili.

Mimi ni katibu wa timu ya mtaa wetu, Makorora. Usinione mkubwa, ukatibu wenyewe ni daftari moja na kalamu mbili. Msimu uliopita tuliondokewa na wachezaji 8. Wawili wamekwenda Dar kutafuta maisha, mmoja kaenda shule, mmoja kaoa mkewe kamkataza, waliobaki wako juu ya bodaboda na Jumamosi ndiyo siku ya abiria. Kipa wetu aliyebaki ni binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, umri miaka 19. Mikono anayo, moyo anao, urefu Mungu kampa. Mechi ya kwanza ya kirafiki akafungwa 6.

Mabeki wake walikuwa watoto wa juzi, yeye mwenyewe alikuwa anapiga kelele hawamsikii. Lakini mtaani nani atakuelewa? Kesho yake watoto wa dukani wakambatiza jina: Mlango Wazi. Anapita kununua mkate, "Mlango Wazi, karibu!" Kwa wiki nzima alikuwa anakwenda duka la mbali.

Basi kikaitwa kikao. Mwenyekiti akaleta wazo: pale Deep Sea, soko la samaki, kuna bwana mmoja wa miaka 38, zamani alidaka timu za daraja la kwanza, sasa anauza samaki. Goti lake la kushoto lina bendeji ya kudumu. Hataki mshahara, anataka nauli, glovu, na chai ya mazoezini. Tumchukue?

Mhazini akasema, "Huyu mtu mzima ataumia siku ya pili, tumpeleke Bombo kwa fedha za nani?" Mwingine akasema, "Tunajenga timu au tunajenga makumbusho?" Watu wakacheka. Kura zikapigwa, tukagawanyika sawa kwa sawa, ikabaki ya katibu. Binamu yangu alikuwa amesimama nje ya baraza, anajifanya anafunga kamba za viatu.

Nikaandika jina la mzee.

Sikufanya hivyo kwa kumdharau binamu. Niliangalia jambo moja: tukimwacha peke yake nyuma ya timu changa, atafungwa 6 nyingine, na 5 nyingine, na mwishoni hatutakuwa na kipa wala binamu. Vijana wengi wenye kipaji hawaui mpira wao kwa kukosa nafasi, unauliwa na kupewa nafasi ya kubeba lawama za watu 11. Mkongwe, nilivyoona mimi, ni mwamvuli. Lakini niliweka sharti, na kikao kikalikubali, nikaliandika: kati ya mechi 14 za ligi, mzee atadaka 9, kijana 5, na mechi zenyewe zimetajwa moja moja.

Binamu hakusema nami wiki tatu. Nikimsalimia anajibu kwa kidevu. Mama mdogo naye akanituma ujumbe kwa mtoto: "Mwambie kaka yako damu si maji." Niliumeza.

Mzee alikuja mazoezini jioni ya Jumatatu, mikono ina magamba ya changu. Hakuruka hata mara moja. Alisimama, na mpira ukamfuata. Vijana wakapiga, anasogea hatua mbili, kaushika. Wakapiga tena, hatua moja, kaushika. Mdomo haufungi: "Kulia kwako! Rudi! Mwache, mwache huyo! Panda sasa!" Siku ya tatu wale mabeki wetu wa juzi walikuwa wamesimama mstari mmoja kama wanasali. Nikamsikia anamwambia binamu, "Dogo, ukimwona kipa anaruka sana, ujue alichelewa kusogea." Binamu alinyamaza. Ila jioni ile nyumbani nilimwona uani, peke yake, anapima hatua kati ya ndoo mbili.

Ligi ikaanza. Mechi 4, ushindi 3, sare 1. Mtaa ukachangamka, hata wale watoto wa dukani wakatafuta jina jipya la kumtania mtu mwingine. Mechi ya 5 ilikuwa ya kijana, daftari linasema. Asubuhi Mwenyekiti akaniambia, "Katibu, leo tunacheza na wale wa jirani. Leo si siku ya majaribio." Akadaka mzee, tukashinda. Ya 6 nayo ilikuwa ya kijana. Nikaenda na daftari, nikalifungua mbele yao. Mwenyekiti akalitazama, akatabasamu: "Katibu, daftari halidaki."

Siku hiyo ndipo nilipoelewa hatari yenyewe iko wapi. Watu hudhani hatari ya mkongwe ni kwamba atashindwa. Akishindwa ni rahisi, mnamshukuru mnamsindikiza. Hatari ni pale anapofaulu. Kila ushindi unawafanya viongozi waogope kesho zaidi, na ule mpango wa kujenga unageuka mpango wa kutopoteza Jumamosi. Klabu kubwa ni hivyohivyo, ukubwa ni wa jengo tu. Timu ikimaliza ya 4 kwa mikono ya mtu wa miaka 35, swali la busara kwenye kikao cha kwanza ni kipa wa miaka 20 atadaka mechi ngapi mwakani. Nani mwenye ubavu wa kuliuliza, na mashabiki wako nje wanaimba?

Mechi ya 7 ilikuwa ya mzee kwa daftari. Tulifika uwanjani, amevaa, amefunga bendeji. Dakika kumi kabla ya kuanza akavua glovu, akamkabidhi binamu. "Goti limekataa," akamwambia Mwenyekiti. Mwenyekiti akamwangalia goti, akamwangalia usoni. "Limekataa saa hii?" "Saa hii."

Binamu akadaka. Tukafungwa 2-1. Bao la pili lilikuwa kosa lake, alitoka akarudi, mpira ukapita katikati ya mawazo yake. Lakini alikuwa anapiga kelele na mabeki wanamsikia, na dakika za mwisho akaokoa mpira kwa kusogea hatua mbili tu, bila kuruka. Watu wakatawanyika wakinung'unika kwamba angedaka mzee tungeshinda. Yawezekana kabisa. Sitabishana nao. Pointi 3 zile ndiyo karo ya binamu yangu, na karo hulipwa kwa kitu unachokihitaji, kama hukihitaji si karo.

Jioni nilipita Deep Sea. Mzee alikuwa anabeba tenga la samaki kutoka ufukweni, anapanda ngazi, goti halina neno. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, goti vipi?" Akasema, "Marahaba. Goti lina akili kuliko kikao chenu."

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kijiweni ni hili. Mfuateni mkongwe, Wagosi wangu, wala msimwonee haya kwa mvi zake. Ila kabla hajatia sahihi, muulizeni mambo matatu. Nafasi anayokuja kucheza ni ya mbio au ya macho? Anakuja kufanya kazi au kuonwa? Na je, yuko tayari kumfundisha atakayemwondoa? Akijibu vizuri yote matatu, geuzeni kiti muwaulize viongozi swali la nne, ambalo ndilo gumu: siku timu inashinda, mtathubutu kumpumzisha? Kama hawathubutu, kosa si la mzee, wala kijana hana wa kumlalamikia isipokuwa sisi tulioshika kalamu.

Binamu sasa ananisalimia kwa mdomo, ingawa bado si kwa maneno mengi. Ligi yetu imebakiza mechi 7. Tatu ni zake, na safari hii nimemwomba mzee naye atie sahihi kwenye daftari.